Zoezi la Hatari si Ngoma ya Kutazamwa

Wako watakaosema kwamba jambo tunaloliandika leo si letu. Watasema: mitambo ya nguvu za nyuklia ni mambo ya wataalamu, na mazoezi ya kujitayarisha kwa hatari ni kazi ya polisi, ya zimamoto na ya waganga, mwananchi na akae kimya angoje kuambiwa. Sisi twasema hapana. Jambo linaloweza kumtoa mtu nyumbani kwake usiku, likamtenga na shamba lake na makaburi ya wazee wake, haliwezi kuwa la wataalamu peke yao. Ni la mwenye nyumba kwanza.

Neno letu ni moja tu. Zoezi la hatari linalofanywa kwenye mtambo wa nyuklia ni mali ya watu wanaokaa karibu na mtambo huo, na halina faida ila likitafuta makosa. Zoezi lililopangwa ili wakubwa wapige makofi, wapigwe picha na warudi makwao, hilo si zoezi. Hiyo ni ngoma, na wenyeji wamealikwa kuitazama.

Tuanze hapa hapa Afrika

Katika bara letu zima, mpaka leo mtambo wa nyuklia unaotoa umeme ni mmoja tu. Nao ni Koeberg, kando ya bahari, kama kilomita 30 kaskazini ya mji wa Cape Town. Ujenzi wake ulianza mwaka 1976, mwaka ule ule watoto wa Soweto walipopigwa risasi. Vinu vyake viwili vikaanza kutoa umeme mwaka 1984 na mwaka 1985. Walioamua ujengwe ni serikali ya makaburu, na wengi wa wananchi wa nchi ile hawakuwa na kura ya kukubali wala ya kukataa. Desemba 1982 wapigania uhuru wa Umkhonto we Sizwe walilipua mabomu ndani ya mtambo ule kabla vinu havijawashwa. Si mbali na hapo uko mji wa Atlantis, ambao serikali ile iliuanzisha katika miaka ya 1970 ili kuwaweka mbali na Cape Town watu iliowahesabu kuwa wa damu mchanganyiko. Basi watu wale walipelekwa kukaa mahali wasipopachagua, jirani na mtambo wasioulizwa habari zake.

Uhuru ulipokuja mambo yalibadilika, na haki yatutaka tuyaseme. Sheria ya mwaka 1999 ya Afrika Kusini inamlazimu mwenye leseni ya mtambo kuunda baraza la kuwapasha wakazi habari za usalama wao. Pia inamtaka msimamizi wa mambo ya nyuklia ahakikishe kwamba mipango ya dharura inafanya kazi kweli. Koeberg imezungukwa na maeneo mawili ya mipango: la kilomita 5, ambalo watu wake ndio wa kwanza kuhamishwa, na la kilomita 16. Kila mwaka ving'ora hujaribiwa kwa sauti yake yote ili kila mtu avijue. Mipango ya mji wa Cape Town yataka eneo la kilomita 5 liweze kuhamishwa kwa saa 4, na nyumba mpya haziruhusiwi kuongezwa ovyo mahali ambapo barabara hazitaweza kuwatoa watu kwa wakati.

Hapo msomaji aone jambo. Hesabu ya saa 4 si hesabu ya kinu, wala ya waya. Ni hesabu ya barabara, ya mabasi, ya mama mwenye watoto watatu, na ya mzee asiyeweza kutembea. Na hesabu hiyo haiwezi kupatikana katika karatasi. Hupatikana kwa kujaribu.

Kwa nini mtambo huu una hatari ya namna yake

Kiwanda cha sabuni kikishika moto, huzimwa na mambo yakaisha. Kinu cha nyuklia si hivyo. Ukikizima, moto wake hauishi mara moja. Dakika ile ile ya kuzimwa hubaki na joto la kama asilimia 6 au 7 ya nguvu zake zote, na joto hilo hupungua polepole kwa siku na miezi. Ni kama kaa la moto lililofunikwa na majivu: ukilidhani limekufa, litakuunguza. Kwa hiyo lazima maji yapite juu ya fueli usiku na mchana, na pampu za maji zahitaji umeme. Umeme ukikatika na injini za akiba zikishindwa, fueli itayeyuka, na vumbi na mvuke wenye mionzi vyaweza kutoka nje.

Vikitoka, kinga za mwananchi ni chache na ni za wakati maalumu. Ya kwanza ni kuingia ndani na kufunga milango na madirisha. Ya pili ni kuhama. Ya tatu ni kumeza kidonge cha iodini ili tezi ya shingoni isivute iodini yenye mionzi, na kidonge hicho hufaa kikimezwa muda mfupi kabla ya kuvuta hewa ile au saa chache baada yake. Ya nne ni kuacha maziwa, mboga na maji ya mahali pale mpaka yapimwe. Kila moja ya hizi ikichelewa huwa si kinga tena. Na huwezi kumfundisha mtu mambo haya king'ora kikiwa kinalia.

Ndiyo maana ya zoezi. Wenye kazi hii hulipanga kwa ngazi. Kwanza huketi mezani, wakuu wote, na kuulizana: likitokea hili, nani ampigie nani simu? Kisha hujaribu sehemu moja moja: ving'ora leo, kupima mionzi kesho, kuwaosha watu vumbi siku nyingine. Mwisho hufanya zoezi kamili, ambalo mtambo, serikali ya mahali, hospitali, shule na redio hushiriki kwa pamoja. Hutungwa kisa cha ajali, na kisa hicho hufichwa kwa watakaojaribiwa. Wako wanaotoa habari za kisa kidogo kidogo, na wako wakaguzi ambao kazi yao ni kuandika tu yale wanayoyaona. Kila simu na kila tangazo huanza kwa maneno "hili ni zoezi" ili watu wasitiwe hofu ya bure. Zoezi likiisha, hukaa wakahesabu makosa, na kila kosa hupewa mtu wa kulirekebisha na tarehe ya mwisho.

Kwa maneno haya zoezi laonekana jambo jepesi. Lakini tazameni lilivyoharibika katika nchi yenye wataalamu wengi na fedha nyingi.

Somo la Japani

Septemba 30, 1999, ilitokea ajali katika kiwanda cha fueli ya nyuklia huko Tokaimura, na wafanyakazi wawili wakafa kwa mionzi. Japani ikatunga sheria mwaka ule ule. Ikajenga vituo vya uongozi wa dharura karibu na mitambo yake, na kila mwaka ikafanya mazoezi. Ukisoma karatasi zake ungesema nchi ile iko tayari.

Machi 11, 2011, saa 8 na dakika 46 mchana kwa saa za kule, ardhi ilitetemeka, kisha bahari ikapanda juu ya mtambo wa Fukushima Daiichi. Umeme ukakatika, na karibu injini zote za akiba zikanyamaza. Kituo cha uongozi kilikuwa katika mji wa Okuma, kilomita 5 tu kutoka mtambo. Nacho kikakosa umeme, simu zikakatika, wakubwa waliopaswa kukutana pale hawakuweza kufika wote, na jengo lenyewe halikuwa na machujio ya kuzuia mionzi. Siku ya tano wakakihama. Yaani jumba lililojengwa ili kuongoza watu siku ya hatari lilikuwa miongoni mwa vilivyokimbiwa.

Wananchi nao waliambiwaje? Usiku ule waliambiwa wahame walio ndani ya kilomita 2, kisha 3. Alfajiri ikawa 10. Jioni ikawa 20. Watu walihama, wakafika, wakaambiwa wahame tena. Maelfu ya watu wa mji wa Namie walikimbilia upande wa Tsushima, nao hawakujua kwamba upepo ulikuwa ukiipeleka mionzi huko huko. Serikali ilikuwa na chombo cha kukisia njia ya mionzi, lakini makisio yake hayakutangazwa kwa umma mpaka Machi 23.

Ubaya mkubwa zaidi uliwapata wanyonge. Katika hospitali ya Futaba na nyumba ya wazee iliyo chini yake, wagonjwa na wazee walipakiwa katika mabasi. Msafara mmoja ulizunguka zaidi ya kilomita 200, kwa muda wa kama saa 10, na ndani yake walikuwamo watu wasioweza hata kukaa wima. Watu wasiopungua 40 wa mahali pale walikufa kabla ya mwisho wa mwezi. Kamati ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa haikupata ushahidi kwamba mionzi yenyewe iliwadhuru afya wakazi wa mkoa ule. Lakini mkoa wa Fukushima umehesabu vifo zaidi ya 2,300 vilivyoletwa na msukosuko wa maafa yale na wa kuhama. Msomaji, yasome maneno haya mara ya pili. Mpango mbaya wa kuwaokoa watu uliua watu wengi kuliko kile walichokuwa wakikimbia.

Tume iliyoundwa na Bunge la Japani ilisema mwaka 2012 kwamba maafa yale yalitokana na watu, si na bahari peke yake. Ikasema pia kwamba mazoezi ya miaka yote ile hayakufikiri kabisa ajali kubwa, na kwa hiyo siku ilipofika hayakufaa kitu. Wapangaji walichagua ajali ndogo yenye mwisho mwema. Walifanya hivyo kwa sababu gani? Kwa sababu waliwaambia wananchi kwamba mtambo ni salama kabisa, wakaogopa kwamba zoezi la ajali kubwa litaonekana kuwa ni kukiri hatari. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mahali pamoja palitokea jambo la heshima. Mji mdogo wa Miharu, ulio kama kilomita 50 kutoka mtambo, uliutazama upepo, na Machi 15 ukaamua wenyewe kuwagawia watu wake vidonge vya iodini. Wakubwa wa mkoa wakawaambia wavikusanye, kwa kuwa amri kutoka juu haijafika. Watu wa Miharu wakakataa. Sisi twasema walifanya vyema. Lakini twasema pia kwamba usalama wa watu hautakiwi kutegemea ujasiri wa diwani mmoja. Watakiwa uwe katika mpango.

Wananchi wakikataa kucheza ngoma

Iko hadithi nyingine ya kweli ambayo yafaa wasomaji wetu waijue, nayo ni ya Marekani. Huko, baada ya ajali ya Three Mile Island ya mwaka 1979, ambapo watu wapatao 140,000 walihama bila ya mpango wa kutosha, ilitolewa amri kwamba kila mtambo uwe na mpango wa kuwalinda watu wa maili 10 kuuzunguka, na kwamba mpango huo ujaribiwe kwa zoezi kamili kila miaka miwili.

Katika kisiwa cha Long Island, jimbo la New York, kampuni ya umeme ilijenga mtambo mahali paitwapo Shoreham. Kisiwa kile ni chembamba na kirefu, na njia za kutokea zaelekea upande mmoja, kwenye mji mkubwa. Serikali ya wilaya ya Suffolk ilipima, ikahesabu, na Februari 1983 ikatangaza kwamba watu wake hawawezi kuhamishwa kwa usalama, na kwamba haitashiriki katika mpango wowote. Kampuni ikaona itafanya peke yake. Februari 1986 likafanywa zoezi, na wafanyakazi wa kampuni wakashika nafasi za polisi na za viongozi wa wilaya ambao hawakuwapo. Mkurugenzi wa eneo wa idara ya serikali iliyosimamia zoezi lile alitakiwa aondoe katika taarifa yake maneno ya kwamba, bila ya wilaya kushiriki, hakuna hakika ya kutosha ya usalama wa watu. Hakukubali, akajiuzulu.

Mwaka 1989 yalifikiwa mapatano ya kuufunga mtambo, nao haukupata kufanya kazi ya biashara hata siku moja. Ulikuwa umegharimu kiasi cha dola bilioni 6, na ukakabidhiwa jimbo kwa bei ya dola 1 ili uvunjwe.

Hatusemi haya kwa kuwa twachukia umeme. Twajua maana ya kijiji kukaa gizani, na ya zahanati isiyo na friji ya chanjo. Twasema haya kwa sababu yaonyesha kwamba fedha zote zile zingeokolewa kama watu wa Suffolk wangaliulizwa mapema: jamani, mtatokaje hapa? Swali la zoezi la hatari ni la kuulizwa kabla ya jiwe la kwanza la msingi, si baada ya mtambo kumalizika.

Nasi wa Afrika Mashariki

Sasa mambo haya yanatufikia. Nchini Kenya mipango ya mtambo wa nyuklia ilielekezwa kwanza Uyombo, katika Kilifi, pwani. Mwaka 2024 watu wa Uyombo waliandamana kuupinga, wakapambana na polisi. Baadaye yakatajwa maeneo ya Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Uganda nayo imeitaja Buyende, karibu na Ziwa Kyoga.

Ziwa Victoria ni la watu wa nchi tatu. Mvuvi wa Musoma, mvuvi wa Usenge na mvuvi wa Jinja wanakunywa maji hayo hayo na kuuza samaki wale wale. Upepo hauna pasi ya kusafiria. Mtambo ukijengwa ufukoni mwa ziwa hilo, zoezi la hatari litakuwa la nchi tatu kwa pamoja, ama litakuwa la uongo.

Kwa hiyo sisi, tukisema kwa niaba ya wananchi wa kawaida, twataka mambo sita, na twayasema wazi kabla hatujaambiwa kwamba tumechelewa.

Kwanza: wakazi wakae katika kamati inayolipanga zoezi, si katika viti vya wageni. Balozi wa nyumba, mwalimu mkuu, muuguzi wa zahanati, mwenye basi na mwenye bodaboda wanajua njia inayofungwa na mvua kuliko anavyoijua mtaalamu aliyefika jana.

Pili: mpango uanze na mnyonge. Aulizwe kwanza mgonjwa wa kitandani, kipofu, mama aliyejifungua, na mtoto aliye shuleni wakati mzazi yuko sokoni. Mpango ukimfaa huyo utamfaa na mwenye gari. Na gari la kumchukua mgonjwa, muuguzi wa kwenda naye, na kitanda cha kumpokea viandikwe kwa idadi.

Tatu: kisa cha zoezi kiwe kigumu. Umeme uwe umekatika, simu ziwe kimya, daraja liwe limebomoka, na saa iwe ya usiku wa manane. Wakuu wasipewe kisa mapema. Mwanafunzi anayepewa majibu kabla ya mtihani hajifunzi kitu ila udanganyifu.

Nne: maneno ya tangazo yawe ya lugha ambayo watu wanaisema nyumbani: Kiswahili, Kidholuo, Kisoga, Kigiriama, na nyinginezo za mahali. Tangazo lililoandikwa kwa lugha ya ofisini humwacha bibi kizee akiuliza wajukuu wake wamesema nini, na dakika zinapita.

Tano: wakaguzi wasiwe watu wa kampuni wala watumishi wa mkuu anayekaguliwa. Na taarifa yao itangazwe yote, pamoja na makosa, na tarehe ya kuyarekebisha. Serikali inayoficha makosa ya zoezi itaficha nini siku ya ajali yenyewe?

Sita: mwenyekiti wa mji awe na ruhusa iliyoandikwa ya kuanza kuwaokoa watu wake, kuwagawia vidonge na kuwafungulia shule, pindi simu za juu zinapokatika. Tusiwatie watu wetu katika shida ya Miharu.

Nasi wananchi tunalo letu la kufanya. King'ora cha zoezi kikilia, tusikae vibarazani tukicheka. Tufunge milango tukiambiwa tufunge, tutembee mpaka kituo cha kukutana, tuhesabu dakika, na tukiona kosa tuliseme kwa sauti. Anayelala wakati wa zoezi asidhani ataamka vizuri siku ya hatari.

Mtu akija kwenu na michoro ya mtambo, akawaambia kwamba wataalamu wameshapanga kila kitu, msimfukuze wala msimshangilie. Mkaribisheni, mpeni kiti na maji ya kunywa. Kisha mwulizeni: bwana, zoezi la kwanza ni lini, na jina la mgonjwa wa nyumba ile pale liko katika ukurasa upi wa mpango wako?

Akishindwa kujibu, mwambieni aende akaandike kwanza.